Kukata modeli za karatasi kwa mashine ya kielektroniki: mwongozo kwa wajenzi wa Bagamoyo

Mashine ndogo ya kukata karatasi, ile inayokaa juu ya meza na kupokea amri kutoka kwenye kompyuta, imewapunguzia kazi kubwa watu wanaojenga modeli za majengo, lakini imewaingizia pia dhana kwamba modeli nzuri hutoka ndani ya mashine. Kazi ya mashine ni kuburuta kisu kidogo juu ya mstari iliopewa, basi. Yanayoamua ubora wa modeli hutangulia ukataji: jinsi mistari ilivyochorwa na kutenganishwa ndani ya faili, na hali ya karatasi siku inapokatwa. Hili la pili, katika mji wa pwani ambako unyevu wa bahari huingia hadi ndani ya makabati, lina uzito kuliko vitabu vya maelekezo ya mashine vinavyokiri.

Mfano utakaotumika katika maelezo haya ni Boma la Kale la Bagamoyo, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1897. Umbo lake la herufi U, sakafu zake mbili na matao yake yanayojirudia yanalifanya kuwa jengo la kujifunzia linalofaa sana, kwa kuwa tao likichorwa vizuri mara moja hunakiliwa kadiri linavyohitajika. Ukitaka kupima jengo lenyewe kwa futikamba, omba kwanza ruhusa kwa wasimamizi wa mambo ya kale.

Mashine na programu

Mashine zinazojulikana zaidi kwa kazi hii ni Silhouette Cameo, Cricut na Brother ScanNCut, na yoyote kati ya hizo inatosha. Tofauti yenye maana kwa mjenzi wa modeli iko kwenye faili. Toleo la bure la Silhouette Studio, programu ya mashine za Silhouette, hufungua faili za DXF lakini halifungui SVG (zote mbili ni aina za faili za michoro ya mistari), mpaka ulipie toleo la juu, wakati programu ya Cricut hupokea SVG bila malipo. Ukichorea kwenye Inkscape, programu ya kuchora ambayo ni ya bure, unaweza kutoa faili za aina zote mbili kutoka kwenye mchoro mmoja. Jambo la kuzingatia ni kwamba vipimo huweza kubadilika faili inapohamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine. Kwa hiyo weka kwenye kona ya mchoro mraba wa milimita 100, na kabla ya kukata chochote hakikisha kwamba programu ya mashine nayo inausoma kuwa milimita 100.

Zipo pia programu za kukunjua umbo la pande tatu likawa vipande bapa vya karatasi, kama Pepakura Designer, au nyongeza ya bure ya kazi hiyo inayopatikana kwa Blender, programu ya kuunda maumbo ya pande tatu. Hizo zinafaa kwa kuba, kwa mnara wenye paa la pembe nyingi, au kwa mbavu za jahazi. Kwa jengo la kuta zilizonyooka nashauri uchore mwenyewe, kwa sababu programu ya kukunjua haijui ukingo upi utaonekana na upi utafichwa, na mara kwa mara huweka ndimi za gundi, yaani vipande vya ziada vya ukingoni vya kupaka gundi, mahali ambapo macho ya mtazamaji yatafikia kwanza.

Kuchagua skeli

Skeli ndiyo inayoamua nini kikatwe na nini kichapishwe tu. Kwenye skeli ya 1:100, ukuta wa mita 10 unakuwa sentimita 10, na milimita moja ya karatasi inasimama badala ya sentimita 10 za jengo. Kisu cha kuburuta hakiwezi kuacha ukanda mwembamba chini ya milimita moja bila kuuchana au kuukunja, kwa hiyo nondo ya dirisha yenye unene wa sentimita mbili, ambayo ingekuwa sehemu ya tano ya milimita, haikatwi: inachorwa kwa printa. Ukishuka hadi 1:20, milimita moja ni sentimita mbili, na hapo hata mapambo ya mlango huanza kukatika. Ndiyo maana wajenzi wengi hutengeneza jengo zima kwa 1:100 kisha mlango wake mmoja kwa 1:20 kama modeli ya pembeni.

Kwa majengo ya zamani ya pwani kuna jambo jingine ambalo modeli nyingi hulipuuza, nalo ni unene wa kuta. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa wenye nusu mita huwa milimita tano kwenye skeli ya 1:100, na ukiuwakilisha kwa karatasi moja tu, jengo linaonekana kama boksi la viatu lililotobolewa madirisha. Dawa yake ni kuchora kila ukuta mara mbili, wa nje na wa ndani, na kuziunganisha kuta hizo kwa vipande vyembamba vya upana wa milimita tano vinavyozunguka kila dirisha na kila tao. Ukuta wa ndani unaoishia kwenye kona pande zote mbili utakuwa mfupi kwa milimita 10 kuliko wa nje, na uongeze upunguzo mdogo kwa ajili ya unene wa karatasi yenyewe, ambao kwa karatasi ya gramu 200 ni takriban robo ya milimita.

Kutenganisha mistari

Ndani ya faili kila aina ya mstari ipewe rangi yake na tabaka lake. Nyekundu iwe ya kukata, bluu iwe ya kukunja, na nyeusi ibaki kwa printa pekee. Mpangilio wenyewe wa rangi ni hiari yako, ila ukishauchagua usiubadilishe kutoka faili moja hadi nyingine, kwa sababu mashine itafuata rangi na si nia yako.

Mistari ya kukunja hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya vipande: kisu hukata milimita moja na kuruka milimita moja. Ni rahisi, lakini huacha ukingo wenye meno madogo yanayoonekana kwa karibu. Ya pili ni kukwaruza, ama kwa kifaa butu cha kukwaruzia ambacho baadhi ya mashine hukipokea, ama kwa kisu kilichopunguzwa kina hadi kikate nusu ya unene wa karatasi. Njia hii hutoa kona safi. Mkwaruzo wa kisu huwa upande wa nje wa mkunjo, kwa hiyo kona inayoingia ndani hulazimu kukwaruzwa kwa nyuma ya karatasi. Mimi huona kwamba kona za jengo zinazokutana na macho zinastahili kukwaruzwa, na ndimi za gundi zitoshelezwe na njia ya vipande.

Ndimi zenyewe ziwe na upana wa milimita tano na ncha zilizokatwa kwa mshazari, ili mbili zinazokutana kwenye kona zisipandiane. Matao nayo yachunguzwe kabla ya kutumwa kwenye mashine: tao lililotolewa kwenye picha kwa njia ya kufuatilia huja na nukta nyingi mno, na kisu hupita juu yake kwa kutetemeka. Tumia amri ya kurahisisha mstari iliyomo ndani ya Inkscape, au, vizuri zaidi, lichore upya kwa duara.

Mwisho, panga mashine ianze na matundu ya ndani na kumalizia na mzunguko wa nje. Kipande ambacho mzunguko wake umekwisha kukatwa hakishikwi tena na karatasi inayokizunguka, na madirisha yatakayokatwa baada ya hapo yatakaa upande.

Karatasi na unyevu

Kwa kuta tumia karatasi ya gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba. Kwa mapambo na vipande vya kuzunguka madirisha, gramu 120 zinatosha. Manila zinazouzwa kwenye maduka ya steshenari hutofautiana uzito hata zikiwa za rangi moja, kwa hiyo nunua za kazi nzima kwa mara moja, kutoka kwenye pakiti moja.

Karatasi ina nyuzi zinazoelekea upande mmoja. Ipinde taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana: upande inaokubali kupinda kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. Mkunjo unaokwenda sambamba na nyuzi hunyooka, na unaozikata hupasuka. Lakini karatasi ikinywa unyevu hutanuka zaidi kwa kukatiza nyuzi, kwa hiyo ukuta mrefu ambao nyuzi zake zimesimama wima utarefuka na kupinda wakati wa masika. Hapo mjenzi analazimika kuchagua. Kwa ukuta mfupi, simamisha nyuzi wima ili kona zikunjike vizuri. Kwa ukuta mrefu wa mbele wa Boma, laza nyuzi kwa urefu, na badala ya kukunja kona, kata kila upande peke yake na uunganishe kwa ndimi zilizobandikwa kwa ndani.

Hifadhi karatasi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, itoe siku ya kazi, na uchapishe na kukata siku hiyo hiyo. Karatasi iliyochapishwa jioni na kukatwa kesho yake asubuhi inaweza kuwa imebadilika kiasi cha kutosha kuhamisha mstari wa kukata kutoka kwenye ukingo wa picha.

Kukata

Kabla ya kila kazi fanya jaribio kwenye kona ya karatasi ile ile, kwa mraba mdogo wenye pembetatu ndani yake. Jaribio limefaulu ikiwa vipande vinatoka vyenyewe na mkeka, ile plastiki yenye gundi ambayo karatasi hubandikwa juu yake kabla ya kuingia kwenye mashine, una alama hafifu tu. Kisu kikizama ndani ya mkeka, punguza kina, kwa maana unauharibu mkeka na ncha ya kisu kwa pamoja. Kisipotoboa karatasi, ongeza kina hatua moja moja, au agiza kipite mara mbili kwa nguvu ndogo, jambo ambalo kwa karatasi nene hutoa ukingo safi kuliko kupita mara moja kwa nguvu. Pembe kali zisipokatika hadi mwisho, iwapo programu ina chaguo la kurefusha mkato kidogo kupita pembe, liwashe.

Kwa kuta zilizochapishwa rangi, programu huweka alama za mwongozo kwenye pembe za ukurasa, na kihisi cha mashine huzisoma ili kijue picha ilipo. Chapisha kwa asilimia 100, na uzime chaguo la kulazimisha picha iingie kwenye ukurasa. Usiweke mashine barazani au mbele ya dirisha lenye jua, kwa sababu mwanga mkali hukipotosha kihisi, na karatasi inayong'aa hukifanyia vivyo hivyo. Wino wa maji usipokauka vizuri huchafuliwa na gundi, na wa printa ya leza hupasuka kwenye mikunjo. Hakuna printa isiyo na kasoro yake.

Alama hizo zina faida nyingine ambayo haitajwi mara nyingi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine husahau mkeka ulipokuwa. Ikiwa karatasi ina alama za mwongozo na haijabanduliwa kwenye mkeka, unaingiza mkeka upya, mashine inasoma alama, nawe unaituma ikate mistari iliyobaki tu. Kwa hiyo ziweke hata kwenye karatasi isiyo na picha yoyote.

Kazi ikiisha, pindua mkeka ulale kifudifudi juu ya meza, kisha kunja mkeka kuuondoa kwenye karatasi. Ukivuta karatasi kutoka kwenye mkeka itajiviringisha, na ukuta uliojiviringisha haunyooki tena. Mkeka mpya wenye gundi kali mno ubandike na ubandue kwenye kitambaa safi mara kadhaa. Uliojaa vumbi uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, uanikwe kivulini, na usikae bila kifuniko chake cha plastiki.

Kuunganisha, na mlango

Paka gundi nyeupe ya mbao kwa kijiti, nyembamba, kwenye ulimi na si kwenye ukuta. Anza na vipande vinavyozunguka matao, kisha funga ukuta wa ndani juu yake, na kona ziwe za mwisho. Kingo nyeupe zinazoonekana kwenye mikato zipakwe rangi ya ukuta kwa penseli kabla ya gundi.

Mlango wa 1:20 hujengwa kwa tabaka. Mlango wa mita mbili na nusu utakuwa na urefu wa sentimita 12.5, na tabaka la kwanza ni ubao mzima usio na tundu. La pili ni mabawa mawili yaliyoachana kwa mstari mwembamba. La tatu ni mfaa, ule mti wa katikati unaoufunika mstari huo, pamoja na fremu ya ndani. La nne ni miimo na kizingiti cha juu, vikiwa vimekatwa mapambo, na hapa tumia karatasi ya gramu 120 na ubakishe angalau milimita moja kati ya tundu na tundu. Ua lenye petali nyingi libadilishwe kuwa ua la petali sita au nane. Jicho hulikubali, kisu hakilalamiki. Kata tabaka la nne kwa mwendo wa polepole kabisa ambao mashine inaruhusu, na litoe kwenye mkeka kwa ncha ya kisu kidogo cha mkono badala ya kidole.

Kwa misumari mikubwa ya shaba inayopamba baadhi ya milango, usihangaike na vitobo. Dondosha tone dogo la gundi kwa ncha ya sindano, liache likauke hadi liwe ngumu, kisha liguse kwa rangi ya dhahabu. Tabaka zibandikwe moja baada ya nyingine, kila moja ikikandamizwa chini ya kitabu kizito kwa nusu saa, na misumari iwekwe baada ya tabaka zote kukauka, kwa sababu kitabu kitaibonyeza.