Jinsi ya kukagua "kubwa kuliko yote duniani" kabla hujaforwadi

Haipiti wiki sijatumiwa picha ya mlima au jengo imeandikwa "mrefu kuliko yote duniani", na zamani nilikuwa naforwadi tu, mpaka siku binamu yangu akanibana kwenye grupu la familia: huo urefu wameanza kuupimia wapi? Nikakosa jibu. Tangu hapo situmi kitu kabla sijakikagua.

Anza na hilo hilo swali la binamu, wamepimia wapi. Chukua Everest, mita 8,849, kipimo walichotangaza China na Nepal Desemba 2020, hizo zinahesabiwa kuanzia usawa wa bahari. Sasa ukianza kuhesabu pale chini mlima unapoanzia, Mauna Kea wa Hawaii unaupita, maana juu ya maji una mita 4,207 tu lakini sehemu kubwa imezama baharini, jumla inavuka mita 10,000. Na ukipima kuanzia katikati kabisa ya dunia anashinda mwingine tena, Chimborazo wa Ecuador wenye mita 6,263 tu, kwa sababu dunia sio duara kamili, imefutuka kiunoni kwenye ikweta na Chimborazo uko jirani na ikweta, kwa hiyo kilele chake kiko mbali na kitovu cha dunia kuliko cha Everest kwa zaidi ya kilomita mbili. Mabingwa watatu na hakuna aliyedanganya.

Kwenye majengo angalia utosini, huko ndo kuna ujanja. Mwaka 1929 New York jengo la Chrysler lilikuwa linashindana urefu na 40 Wall Street, basi jamaa wa Chrysler wakaunda ncha ya chuma kwa siri humo humo ndani ya jengo, vipande vipande, wapinzani wakiwa wanaamini wao ndo watakuwa juu, halafu Oktoba wakaichomoza kwa kama saa moja na nusu hivi na jengo likafika mita 319. Ujanja wote ule, 1931 Empire State ikaja na mita 381, wakawa wa pili, hahaha. Miaka ya 90 ugomvi ukarudi, minara ya Petronas kule Kuala Lumpur ikahesabiwa mita 452 na kuipiku Sears ya Chicago yenye 442, wakati paa la Sears liko juu zaidi na lina antena ndefu juu yake. Sheria inasema ncha iliyo sehemu ya usanifu inahesabiwa, antena hapana. Yaani ni kama kumpima mtu urefu, nywele zihesabiwe ila kofia ivuliwe. Mimi bado naona Chicago walionewa kidogo. Hata Burj Khalifa na mita zake 828, zaidi ya mita 200 za juu hazina ghorofa ya mtu kukaa.

Sanamu nazo uliza kama wamehesabu na msingi. Ile ya Uhuru ya New York ni mita 93 ukijumlisha anaposimama, mwenyewe bila hapo ni kama 46.

Kisha tafuta neno dogo lililorukwa. Sahara ni jangwa kubwa kuliko yote la JOTO, ukifuta hilo neno ushindi unahamia Antaktika, maana jangwa ni ukame, sio jua. Kwa watu ni hivyo hivyo: Kipchoge alimaliza maratoni Vienna 2019 kwa 1:59:40 na haikuandikwa rekodi rasmi ya dunia, kwa sababu haikuwa mbio ya wazi na waliokuwa wanamvutia kasi walikuwa wanapokezana, ila 2:00:35 ya Kiptum Chicago 2023 ikakubaliwa.

Kuna na zile ambazo hata hazina kipimo, hizo ndo mbaya zaidi. Eti Ukuta Mkuu wa China unaonekana kwa macho kutoka anga za juu. Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda huko mwaka 2003, alirudi akasema hakuuona. Ukuta ni mrefu sawa, ila ni mwembamba na rangi yake inafanana na udongo wa pembeni, ni kama kutafuta uzi wa kahawia kwenye zulia la kahawia ukiwa umesimama ghorofani.

Ukiridhika ndo utume, ila andika kamili, usiandike "mlima mrefu zaidi" ukaishia hapo, weka hivi: "Everest, mrefu kuliko yote kutoka usawa wa bahari, mita 8,849, kipimo cha 2020". Binamu yangu siku hizi ananiwekea tu dole gumba.