Kutoka boti ya jeti ya futi 18 kwenda ya futi 24: namna ya kukagua iliyotumika kabla hujatoa pesa

Misimu mitatu na boti ndogo inatosha kumtia mtu hamu ya kubwa. Watoto wamerefuka, shemeji naye anataka kuja, mahema na masanduku ya barafu hayaenei. Mimi ni fundi wa injini na pampu za boti hapa Lewiston, Idaho, mahali ambapo Mto Clearwater unaingia Mto Snake. Nilikulia Kigoma, kwenye boti za mbao za Ziwa Tanganyika, na kila baridi ikiisha ndugu zetu wa Kongo na Tanzania walioko mji wa Boise hunipigia simu, tangazo likiwa mkononi. Swali lao ni moja: "Fundi, bei hii ni nzuri?" Nami huwauliza: pampu ni aina gani, impela yake (feni ya ndani inayosukuma maji) ni ya kipimo gani, na injini inafika mizunguko mingapi kwa dakika ukikanyaga mafuta mpaka mwisho? Asiye na majibu hayo namwomba asitoe hata dola ya kushikia nafasi.

Hatua ya 1: Anza na mto

Boti hizi zilizaliwa kwa ajili ya maji machache. Bill Hamilton wa New Zealand alizitengeneza miaka ya 1950 ili apande mito ya Canterbury, ambayo ina mawe mengi na kina kidogo. Mwaka 1960 boti zake zikapanda Mto Colorado ndani ya Grand Canyon, kinyume na mkondo. Siri yake ni kwamba hakuna propela inayoning'inia chini: pampu inavuta maji kupitia tumbo la boti na kuyarusha nyuma, kwenye tezi.

Boti ya futi 24 ikishapanda juu ya maji hupita penye kina kidogo cha kushangaza. Ila ukipunguza mafuta inazama kwa uzito wake wote, na kuinyanyua tena kunahitaji nafasi ndefu na maji ya kutosha. Kwenye vijito vya Agosti, maji yakiwa yamepungua, hiyo nafasi haipo. Kama safari zako nyingi ni huko, baki na futi 18 yako. Nimewaambia hivyo wateja waliokuja na pesa mfukoni, na nitaendelea kuwaambia.

Hells Canyon, kwenye Mto Snake, ni habari nyingine. Korongo lile lina kina cha karibu mita 2,400, na maporomoko kama Wild Sheep na Granite yana mawimbi yanayoweza kuizamisha omo (pua) ya boti fupi. Huko urefu na uzito ni rafiki yako. Kumbuka tu kwamba sehemu ya mto iliyohifadhiwa inataka kibali kwa boti binafsi za injini, kwa hiyo panga mapema.

Hatua ya 2: Pima gari lako

Boti, injini, trela na tangi lililojaa mara nyingi vinavuka tani mbili na nusu. Lita 300 za petroli peke yake ni zaidi ya kilo 200. Usiamini uzito ulioandikwa kwenye tangazo. Mwombe muuzaji mpite kwenye mizani ya malori. Kagua breki za trela na bearingi za magurudumu. Na petroli yenyewe uihesabu: V8 ya nguvu za farasi 300 ikisukumwa mpaka mwisho inakunywa zaidi ya lita 80 kwa saa.

Hatua ya 3: Lala chini ya boti

Nenda na tochi, kipande cha godoro, na nguo usizozihurumia. Bati la chini la alumini kwenye boti za mito ya mawe huwa na unene wa karibu milimita 5 hadi 6. Mabonde madogo si tatizo. Tafuta ufa kwenye mistari ya kuchomelea, hasa kuzunguka mlango wa pampu na kwenye tezi. Wengine hufunga bamba la plastiki ngumu chini ili boti iteleze juu ya mawe. Ni jambo jema, lakini linaficha ufa. Uliza lilifungwa lini, na kwa nini.

Kisha fungua sakafu uangalie ngama, yaani tumbo la ndani ambako maji hukusanyika. Maji machache yaliyotuama si kosa. Mchanga mwingi, mataruma yaliyopinda, au alumini yenye vishimo na unga mweupe, hapo sikiliza moyo wako unavyosita.

Hatua ya 4: Ingiza mkono kwenye pampu

Hii ndiyo hatua ambayo watu huruka, na ndiyo inayookoa pesa. Zima injini, toa ufunguo uweke mfukoni mwako mwenyewe, tenganisha betri. Fungua kifuniko cha mkono juu ya pampu, kisha pitisha kidole polepole kwenye ukingo wa kila jani la impela. Ukingo mzuri ni mwembamba na laini.

Msimu mmoja nilimsindikiza jamaa kuona boti ya futi 24, rangi inang'aa, viti vipya, redio ya kisasa. Muuzaji akasema pampu imetoka kufanyiwa matengenezo. Nilipoingiza mkono, kidole kilikutana na ukingo butu wenye mapengo, kama panga lililokuwa linakatia mawe. Nikaingiza geji ya vibamba vyembamba vya kupimia mapengo kati ya jani na ringi inayolizunguka. Pengo hilo likifika milimita moja kila upande, mimi nahesabu ringi mpya. Pale lilikuwa limepita.

Ukiwa hapo hapo, shika shafti uitikise juu na chini, mbele na nyuma. Ikicheza, bearingi zimechoka. Tazama pia kama oili au maji vinavuja penye sili.

Hatua ya 5: Injini na baridi ya Idaho

Injini nyingi hapa hupozwa na maji ya mto yanayopita moja kwa moja ndani yake. Mwenye boti asipoyatoa yote kabla ya Desemba, barafu hupasua bloku. Angalia pembeni mwa bloku na chini ya manifoldi kama kuna ufa, mstari wa kutu, au gundi ya chuma iliyopakwa rangi juu. Vuta stiki ya oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili; funga mazungumzo. Pima kompresheni ya silinda zote; namba zinapaswa kukaribiana.

Hatua ya 6: Kanyaga mpaka mwisho, utazame mshale

Usinunue bila kuiingiza mtoni. Kabla hujaenda, tafuta jedwali la mtengenezaji wa pampu linaloonyesha impela hiyo inatakiwa kuzungushwa mara ngapi kwa nguvu ya injini hiyo. Jeti si kama propela: mzigo wake haubadiliki sana kwa mwendo wa boti, unafuata mizunguko. Kwa hiyo mshale wa RPM (mizunguko kwa dakika) unakueleza hali ya injini na pampu kwa pamoja.

Tuseme jedwali linasema 4,200. Mshale ukigoma kwenye 3,800, injini imechoka. Watu huona 400 kuwa kitu kidogo. Nguvu inayotakiwa na pampu hupanda kwa kipeo cha tatu cha mizunguko (mizunguko mara mizunguko mara mizunguko), kwa hiyo upungufu huo ni karibu robo ya nguvu yote. Mshale ukiruka mpaka 4,700 na boti haiendi, impela au ringi imekwisha, au pampu inavuta hewa. Ile boti ya jamaa ilifanya hivyo hivyo, ikilia kama changarawe ndani ya kopo. Tulimshukuru mwenyewe, tukaondoka. Kabla ya kutoa hukumu, kagua wavu wa chini, pale maji yanapoingilia: majani na kokoto zikiuziba nao huleta kelele hiyo.

Palepale mtoni, kwenye eneo pana, jaribu kuachia mafuta ukiwa na kasi huku ukigeuza usukani. Boti itanyooka na kwenda mbele. Jeti haina nguvu ya kugeuka bila msukumo wa maji, na futi 24 ina uzito mkubwa wa kukupeleka kwenye mwamba. Rudia mpaka mkono wako uzoee kuongeza mafuta pale ambapo hofu inakuambia upunguze. Tafadhali, fanya hivi kabla hujapakia watoto.

Hatua ya 7: Karatasi na kome

Namba ya mwili wa boti ina herufi na tarakimu 12, upande wa kulia wa tezi, juu. Ilinganishe na hati ya umiliki. Namba ya trela vilevile. Uliza boti imeelea wapi mwaka uliopita. Septemba 2023 kome aina ya quagga walionekana Mto Snake karibu na Twin Falls, nao husafiri na boti, huziba mabomba ya maji na kuharibu uhai wa mto mzima. Ukiikuta njiani stesheni ya ukaguzi imefunguliwa, lazima usimame. Toa vizibo vyote, kausha ngama na pampu, ndipo uifunge boti kwenye trela.