Kutoka Mombasa hadi rejista ya madaktari Uingereza: anza na jina lako

Mimi ni daktari. Uanagenzi (internship) niliufanya hapa Pwani, na tangu niliposajiliwa na GMC, baraza linalosajili madaktari Uingereza, wenzangu wamekuwa wakija nyumbani Kibokoni na bahasha zao za khaki. Wengi hutaka tuanze na mtihani. Mimi huwauliza kwanza: jina lako limeandikwaje?

Hatua ya 1: Tandaza karatasi zako zote

Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha kidato cha nne, shahada, cheti cha usajili cha Baraza la Madaktari la Kenya, pasipoti. Ziweke mkekani, funga dirisha upepo usizipeperushe, kisha zisome herufi kwa herufi. Mpe na mtu mwingine azisome, kwa sababu jicho la mwenye jina hupita tu.

Sisi watu wa Pwani tuna shida yetu. Jina la mtoto, la baba, la babu, na pengine ukoo, na kila karani huandika alivyosikia. Kijana mmoja tuliyefanya naye kazi wodini, tuseme shahada yake ilisema Mohamed Swaleh Ali, na pasipoti Muhammad Saleh Ali Said. Kwa mamake ni mtoto yule yule aliyemzaa. Kwa mtu anayelinganisha karatasi akiwa ng'ambo, hao ni watu wawili, na mmoja wao hana shahada.

Fuata jina la pasipoti. Ikiwa tofauti ni ya herufi tu, mara nyingi hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili husaidia. Ikiwa jina zima limeongezeka au limepotea, ni bora ufanye hati ya kubadili jina, isajiliwe na itangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Na mambo haya yamalizike kabla hujafungua akaunti yoyote mtandaoni, maana jina utakaloandika siku hiyo ndilo litakalokufuata kwenye mtihani wa Kiingereza, kwenye PLAB, yaani mtihani wa GMC wa udaktari, na kwenye rejista yenyewe. Dada zangu mlioolewa na kubadili jina pasipotini, hili lawahusu hasa: cheti cha ndoa nacho kiwe kwenye bahasha.

Hatua ya 2: Shahada ithibitishwe na waliokupa

Tafuta kwanza chuo chako katika orodha ya dunia ya shule za tiba, World Directory of Medical Schools. Ni bure. Usiishie kuona jina la chuo. Soma pia maelezo yanayohusu GMC.

Kisha utafungua akaunti ya EPIC, mfumo wa kuthibitisha shahada wa ECFMG, shirika lililoko Philadelphia, Marekani. GMC imekuwa ikiudai tangu 2018. Watu wengi hawauelewi ufanyavyo kazi, na hapo ndipo hupoteza miezi. Nakala iliyogongwa muhuri na wakili haiwi ushahidi. Wewe unapakia shahada, wao wanaipeleka chuoni, na chuo kinawajibu wao moja kwa moja. Jibu halipiti mkononi mwako.

Yangu ilikwama wiki nyingi. Nilituma barua pepe, nikapiga simu, nikaambiwa subiri. Mwishowe nikapanda treni ya usiku, na asubuhi nikawa mlangoni mwa ofisi ya msajili wa masomo. Ombi langu lilikuwa limeelekezwa kwa afisa aliyekuwa amehamishwa. Hakuna aliyekataa kulijibu, ila hakuna aliyejua kwamba lipo. Mama mmoja pale ofisini alilitafuta, akampelekea aliyechukua nafasi, na katika siku chache mambo yakaisha. Kwa hivyo, kabla ya kulipa chochote, uliza chuoni: nani anaidhinishwa kujibu maombi ya ECFMG sasa hivi? Pata cheo chake na barua pepe ya ofisi. Ukiweza kwenda mwenyewe, nenda.

Hatua ya 3: Kiingereza

Tumesomea udaktari kwa Kiingereza, lakini wengi wetu bado hufanya mtihani. IELTS ya kitaaluma inahitaji wastani wa 7.5, na kila sehemu isipungue 7.0, yote katika mtihani mmoja. Au OET ya madaktari, daraja B katika kila sehemu. Kinachowaangusha watu wetu mara nyingi ni kuandika. Fanyeni mazoezi ya kuandika huku mkijipimia muda, sio ya kuzungumza.

Hatua ya 4: PLAB

Sehemu ya kwanza ni maswali 180 ya kuchagua jibu, kwa saa tatu. Ukisoma kwa bidii, utaipita. Sehemu ya pili hufanyikia Manchester, na huna budi kuifaulu ndani ya miaka miwili tangu ulipofaulu ya kwanza. Ina vituo 16, kila kimoja dakika nane, na mbele yako ni mtu anayeigiza mgonjwa.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu nimeona madaktari hodari wakianguka bila kuelewa walikosea wapi. Hapa kwetu mzee akiwa na saratani, tunamwita mwanawe mkubwa pembeni, au mjomba, tunamweleza yeye kwanza. Tunafanya hivyo kwa heshima na huruma. Kule, habari ni ya mgonjwa mwenyewe, na huwezi kumwambia jamaa kabla hajakuruhusu. Kule utamuuliza kwanza anajua nini, anataka kujua kiasi gani, anaogopa nini, kisha unyamaze asikie na alie. Dakika nane ni chache kwa mtu aliyezoea kutoa amri ya dawa na kwenda kitanda kinachofuata. Mtafute mwenzako, mmoja awe mgonjwa, mweke simu mezani ihesabu dakika. Fanyeni hivyo kila jioni kwa miezi miwili.

Ukiwa umemaliza mtihani wa vyuo vya kifalme vya Uingereza, kwa mfano MRCP au MRCS kamili, unaweza kuombea usajili bila PLAB. Waliobobea wenye MMed, shahada ya uzamili ya udaktari, wana njia nyingine ya kuingia rejista ya mabingwa, nayo ni ndefu, haitoshei hapa.

Hatua ya 5: Cheti cha hadhi njema na ushahidi wa uanagenzi

Cheti hiki sio kile cha polisi. Hutolewa na Baraza la Madaktari, kuonyesha kwamba umesajiliwa na huna kesi ya nidhamu. Leseni yako ya mwaka iwe imelipiwa kwanza. Ya Kenya huisha 31 Desemba. Ikiwa katika miaka mitano iliyopita ulisajiliwa au ulitibu nchi nyingine, tuseme Tanzania au Oman, utahitaji cha huko pia.

GMC hukihesabu kwa miezi mitatu tu tangu kitiwe sahihi. Mimi nilikiomba mapema kwa hamu, kikaisha nikiwa bado nangojea chuo, nikalipa mara ya pili. Kiombe mwisho, kila kitu kingine kikiwa tayari.

Uanagenzi wetu wa miezi kumi na miwili unafaa, mradi una angalau miezi mitatu ya tiba ya ndani na mitatu ya upasuaji. Wakumbushe wasimamizi wako waandike tarehe kamili za kila idara. Barua inayosema tu "alifanya uanagenzi hapa mwaka fulani" itarudishwa.

Kwa wanaokwenda Ghuba

Saudia na Dubai hutumia kampuni ya DataFlow kuthibitisha karatasi, na mitihani mingi hufanyika kupitia Prometric, kampuni ya mitihani ya kompyuta. Tofauti ni kubwa, lakini hatua ya kwanza na ya pili ni zilezile: jina moja, na chuo kinachojibu kinapoulizwa.

Hatua ya 6: Ombi lenyewe

Jaza kazi zako za miaka mitano bila kuacha pengo. Kama ulikaa nyumbani ukimuuguza mzazi, andika hivyo, na tarehe zake. Halafu utathibitisha sura yako kwa pasipoti. Ukishasajiliwa, usiache kulipia leseni ya Kenya.