Kodi ya majengo: mambo ya kuzingatia kabla mita haijakata

Unanunua umeme wa shilingi 5,000, ujumbe unaingia, uniti pungufu. Wa kwanza kulaumiwa huwa ni bei ya umeme. Soma ujumbe wote hadi chini. Pamoja na VAT (kodi ya ongezeko la thamani), REA (tozo ya umeme vijijini) na EWURA (tozo ya mdhibiti wa nishati na maji) kuna makato mengine, na mara nyingi hayo ndiyo kodi ya majengo.

Tangu Agosti 2021, kodi hiyo hukatwa Tanzania Bara kupitia LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Zamani mwenye nyumba alifuata mwenyewe ankara yake na kupanga foleni, na wengi hawakwenda kabisa. Sasa kodi inajilipa, na hapo ndipo penye hatari: kitu kinachojilipa hakuna anayekikagua. Kazi ya mwenye nyumba imebaki moja, kuhakikisha kinachokatwa ni halali yake.

Anza kwa kujua kiwango. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida, isiyo ya ghorofa, hutozwa shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kila mwezi. Kwa ghorofa za majiji, manispaa na miji ni shilingi 90,000 kwa kila sakafu, sawa na 7,500 kwa mwezi. Mwenye jengo la sakafu mbili ategemee 15,000 kila mwezi. Sheria ya mwaka 1983 iliruhusu kodi kufuata thamani ya jengo iliyopimwa na mthamini, lakini majengo ni mengi na uthamini ni kazi ya polepole, ndiyo maana tukaletewa kiwango kimoja. Matokeo yake hapa Dar es Salaam nyumba ya chini yenye bustani na bwawa kule Masaki kwa wenye fedha hulipa sawasawa na nyumba ya vyumba viwili Mbagala. Mimi sioni haki hapo, ingawa nakubali kwamba hesabu yake hata mtoto anaiweza.

Ukishajua kiwango, hesabu mita. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote kwa sababu limetukuta nyumbani. Nyumba yetu ya familia ni moja, ya chini, lakini ina mita tatu: ya wazee, ya wapangaji wa uani, na ya fremu ya duka mbele. Zote tatu zilikuwa zikikatwa, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekwenda kueleza kwamba mita hizo ni za jengo moja. Shilingi 4,500 kwa mwezi ni 54,000 kwa mwaka, badala ya 18,000. Kodi inadaiwa jengo, mita ni njia tu ya kuikusanya. Kwa hiyo ukiwa na mita zaidi ya moja, andika namba za zote pamoja na namba ya nyumba na mtaa, ubaki na picha za jumbe za manunuzi. Kisha nenda ofisi inayosimamia kodi ya majengo eneo lako uombe mita moja tu ndiyo ibebe kodi. Usingoje mwaka upite. Kuzuia makato ni rahisi kuliko kudai kilichokwisha katwa.

Nyumba isiyokaliwa nayo ina mtego wake. Miezi usiyonunua umeme haisamehewi, deni linajikusanya. Ukirudi baada ya miezi mitano, shilingi 7,500 zinakusubiri kabla hujapata uniti hata moja, na kama ni jengo la sakafu mbili ni 75,000. Kabla hujasafiri, achia ndugu au jirani fedha kidogo anunue umeme kila mwezi. Nyumba isiyo na umeme haijaponyoka pia: mwenyewe huomba namba ya malipo na kulipa.

Kwa wenye wapangaji, zungumzeni kabla ya kusaini. Anayedaiwa kodi ya majengo ni mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Msipolisema, mtu anamlipia mwenzake kodi bila kujua, na hapo ndipo manung'uniko yanapoanzia. Mstari mmoja kwenye mkataba unatosha: mpangaji akatwe kwenye LUKU, na shilingi 1,500 za kila mwezi zipunguzwe kwenye pango. Anayelipa pango la miezi sita kwa mkupuo apunguziwe 9,000 siku hiyohiyo.

Kama mzee wako ametimiza miaka 60, au nyumbani kuna mwenye ulemavu anayemiliki nyumba anayoishi, ulizia msamaha. Unahusu nyumba moja ya kuishi, si ya kupangisha. Lakini msamaha haugongi hodi. Mpeleke mzee kwanza serikali ya mtaa akapate barua, abebe kitambulisho cha taifa (NIDA) na namba ya mita, ndipo mwende ofisi inayosimamia kodi hiyo. Wazee wengi wanakatwa hadi leo kwa sababu tu vijana wao hawajapata nusu siku ya kuwasindikiza, na hilo linaniuma.

Mwisho, usichanganye majina. Kodi ya majengo ni ya jengo. Kodi ya pango la ardhi ni ya kiwanja chenye hati: hulipwa kila mwaka Wizara ya Ardhi, na hufuata ukubwa, matumizi na mahali kilipo. LUKU haiikati hiyo. Nimeona watu wakitulia wakiamini mita imemaliza kila kitu, kumbe kiwanja kinadaiwa miaka kadhaa. Anayenunua nyumba ndiye wa kuwa makini zaidi: kabla hujatoa hata malipo ya awali, fanya upekuzi ofisi ya ardhi, omba risiti za pango la ardhi, kisha mwambie muuzaji anunue umeme mbele yako kwenye kila mita. Makato yakiwa makubwa kuliko ya mwezi mmoja, hilo ni deni lake, alimalize kabla hamjafika kwa mwanasheria. Na ukikabidhiwa funguo, badilisha jina kwenye mita wiki hiyohiyo.