Sahihisheni Fremu A Kabla Hamjashika Jembe

Wanafunzi na wasanifu wa kilimo cha kudumu wakikutana wikendi, kazi ya vitendo mara nyingi huwa mfereji wa kontua, yaani mfereji unaokatiza mteremko kwa usawa mmoja ili maji ya mvua yatulie na kuzama. Mikono ni mingi, siku mbili zinatosha, na kila mtu anaondoka na udongo kwenye viatu. Kosa nalo halibadiliki: fremu A, kifaa cha kutafutia usawa chenye miguu miwili iliyofungwa pamoja juu, mti wa kukingama kati yake na uzi wa timazi unaoning'inia kutoka kileleni, inafungwa haraka, alama inawekwa katikati ya mti wa kukingama kwa kukadiria kwa macho, kisha majembe yanaanza. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, maji yanakimbilia upande mmoja, yanapasua tuta na kuchimba korongo ambalo halikuwepo. Wageni wameshaenda zao. Anayebaki na korongo ni mwenye shamba.

Nimewahi kusimama ndani ya mfereji wa namna hiyo baada ya mvua. Mwisho mmoja maji yalinifika magotini, mwisho wa pili udongo ulikuwa mkavu hadi unapasuka. Waliouchimba walikuwa na vyeti vya kozi ya saa 72 ya usanifu wa kilimo cha kudumu.

Kwa hiyo, vipimo. Miguu ya fremu iwe na urefu wa mita 2, na nyayo ziachane mita 2 kamili. Timazi liwe zito, chupa iliyojaa mchanga inafaa, maana kijiwe chepesi kinachezeshwa na upepo. Pigilieni vigingi viwili umbali wa mita 2, popote, hata kwenye mteremko mdogo. Simamisheni fremu juu ya vigingi hivyo, subirini uzi utulie kabisa, wekeni alama pale unapogusa mti wa kukingama. Sasa geuzeni fremu, mguu wa kushoto uende kwenye kigingi cha kulia, vigingi visiguswe. Wekeni alama ya pili. Usawa uko katikati ya alama hizo mbili. Narudia: katikati ya alama, si katikati ya mti! Fremu ikianguka au kamba ikilegea, mnaanza upya. Ni kazi ya dakika kumi, na sijawahi kusikia sababu ya maana ya kuiruka.

Angalieni hasara yake. Fremu yenye kosa la sentimita 1, ikisogezwa mbele huku mguu uleule ukitangulia kila mara, baada ya hatua 15 imewapotosha sentimita 15 ndani ya mita 30. Hiyo ni nusu ya tuta la sentimita 30. Ndiyo maana fremu huzungushwa: mguu wa mbele unabaki kwenye kigingi, wa nyuma unapita kwenda mbele. Hapo kosa la hatua moja linafutwa na la hatua inayofuata. Fanyeni yote mawili, kusahihisha na kuzungusha.

Mstari utajipinda. Uacheni ujipinde, msihamishe kigingi ili mfereji upendeze kwenye picha.

Kuhusu muda, pimeni Jumamosi asubuhi na mapema, kabla upepo haujashika kasi. Mikutano mingi inaimaliza Jumamosi kwa utambulisho na mijadala, halafu vigingi vinapigiliwa Jumapili saa nane mchana, watu wakiwa wameshafunga mabegi. Mijadala inaweza kusubiri jioni. Na mkutano wenyewe uwe wiki kadhaa kabla ya mvua, tuta lipate kushikamana na kuoteshwa majani.

Udongo unatupwa upande wa chini wa mteremko. Sakafu ya mfereji nayo ipimwe kwa fremu kila mita 2, kwa sababu jembe halifuati kigingi. Kisha njia ya kumwagia maji yaliyozidi: upana wa mita 1, sakafu yake sentimita 15 chini ya kilele cha tuta, ipangwe mawe, na kilele kipimwe baada ya tuta kushindiliwa. Kwenye mteremko mkali au upande wa juu wa nyumba, msichimbe kabisa.

Maji yakitulia sawasawa mfereji mzima na kuzama ndani ya siku moja au mbili, mmefaulu.

Fremu hiyo mwachieni mwenye shamba, alama ya usawa ikiwa imechongwa kwa kisu. Tuta litashuka baada ya mvua za kwanza, naye atahitaji kulipima tena akiwa peke yake.