SOMO: Kutumia skrini mbili au zaidi bila mshale kukwama wala madirisha kuhama

Wakuu, nikifungua ujumbe wangu nakuta maswali yaleyale: mshale wa mausi unakwama katikati, maandishi yamefifia upande mmoja, madirisha yamehama yenyewe. Nayajibu yote hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Shikeni jambo moja kwanza. Kompyuta haioni meza yako. Windows inapopanga skrini hutazama idadi ya nukta (pikseli) tu, na kero nyingi zinaanzia hapo.

Hatua ya 1. Kama una kadi ya grafiki, chomeka kebo zote kwenye kadi, si kwenye ubao mama.

Hatua ya 2. Kwa skrini ya 4K, hakikisha tundu ni HDMI 2.0 au DisplayPort 1.2 kwenda juu, pande zote mbili. HDMI 1.4 inaishia picha 30 kwa sekunde kwa 4K, na mshale utauona mzito.

Hatua ya 3. Bonyeza Win + P, chagua la tatu kutoka juu (Extend), ili kila skrini ionyeshe vitu vyake.

Hatua ya 4. Fungua mipangilio ya skrini. Utaona maboksi yenye namba. Bonyeza kitufe cha kutambulisha, namba zitokee kwenye skrini zenyewe, kisha buruta maboksi yakae kama skrini zilivyokaa mezani. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo soma taratibu. Boksi huchorwa kwa nukta. Skrini ya 4K ina nukta 2160 kwenda chini, ya 1080p ina 1080. Hata zikilingana kimo mezani, kwa Windows moja ni ndefu mara mbili ya mwenzake. Basi nusu ya ubavu wa ile ya 4K ni mlango wa kupita kwa jirani, nusu iliyobaki ni ukuta. Mshale ukifika ukutani unasimama. Mausi yako ni nzima, usinunue nyingine. Unachoamua wewe ni mlango ukae wapi. Kama kazi zako nyingi ziko juu ya skrini, linganisha kingo za juu za maboksi. Kama unavuka sana ukiwa chini, linganisha za chini. Windows 11 ina swichi ya kurahisisha mshale kupita kati ya skrini. Iwashe, inasaidia kwenye sehemu za ukuta.

ONYO: usishushe 4K iwe 1080p ili maboksi yalingane. Unatupa robo tatu ya nukta ulizolipia.

ONYO: usihamishe kebo kutoka tundu hadi tundu baada ya kupanga. Namba zinaweza kubadilika na ukaanza upya. Maliza kebo kwanza, ndipo upange.

Wa macOS (mfumo wa kompyuta za Apple), kwenu maboksi hufuata ukubwa unaoonekana, kwa hiyo tatizo hili ni dogo.

Hatua ya 5. Weka ukubwa wa maandishi kwa kila skrini peke yake. 4K ya inchi 27 ianze na 150%, 1080p ya inchi 24 ibaki 100%. Programu ya zamani ikivushwa inaweza kufifia, kwa sababu Windows huivuta kama picha. Ifunge, uifungulie kwenye skrini utakayoitumia.

Hatua ya 6. Chagua skrini kuu, weka tiki. Basi.

---

Mchapakazi: Mkuu, yangu haifanyi kazi. Nisaidie haraka.

Mwandishi: Mfumo gani? Kebo gani? Umekwama hatua ipi?

Mchapakazi: Hatua ya 4 ni ndefu, nifupishie.

Mwandishi: Ni ndefu kwa sababu ndipo mnapokwama. Isome.

Nuru: Asante kwa somo. Nikizima skrini kwa kitufe chake, madirisha yote yanarundikana kwenye nyingine. Ya HDMI haifanyi hivyo, ni ya DisplayPort tu. Kwa nini?

Mwandishi: Umechunguza vizuri, Nuru. Monita nyingi za DisplayPort zikizimwa hukata ile ishara ya kusema "nipo". Kompyuta inadhani umechomoa kebo, inaiondoa skrini kwenye mpangilio, na madirisha yanahamia iliyobaki. Kwenye Windows 11, sehemu ya skrini nyingi, washa chaguo la kukumbuka mahali pa madirisha. Kisha angalia menyu ya monita yenyewe. Baadhi zina chaguo la usingizi mzito, lizime.

Kijana wa Kodi: MacBook Air ya M1, adapta ya USB-C yenye HDMI mbili. Skrini zote mbili zinaonyesha kitu kilekile. Adapta mbovu?

Mwandishi: Adapta haina kosa. MacBook zenye chipu ya Apple ya M1 au M2 ya kawaida zinakubali skrini moja tu ya nje. Air ya M3 inakubali mbili ukifunga kifuniko, ya M4 mbili hata kikiwa wazi. Halafu macOS haigawi picha mbili tofauti kupitia adapta za aina hiyo, ingawa laptopu nyingi za Windows zinaweza. Njia iliyobaki ni adapta ya DisplayLink, inayopitisha picha kwa USB, pamoja na programu yake. Kwa maandishi na barua inatosha, kwa michezo usiitegemee.

Pengwini: Linux umeitupa.

Mwandishi: Sijaitupa, somo lilikuwa la Windows. X11, mfumo wa zamani wa kuchora madirisha kwenye Linux, huzihesabu skrini zote kama uwanja mmoja, ndiyo maana kuipa kila skrini ukubwa wake ni taabu. Ingia kwa Wayland, mfumo mpya zaidi, kila moja inapata wake.

Nuru: Na dirisha likipotelea kwenye skrini niliyokwisha kuichomoa?

Mwandishi: Lichague, kisha Win + Shift + mshale wa kushoto au kulia.

Pengwini: Likigoma: Alt + nafasi, kisha M, gusa mshale wowote wa kibodi mara moja, halafu sogeza mausi. Dirisha litaifuata.

Nuru: Hiyo ya M imelileta. Lilikuwa nje kabisa upande wa kushoto.