Gari linamisi? Hamisha koili kwanza

Wenye magari ya zamani ya petroli hapa Mtwara, kama gari linamisi, yaani silinda moja haiunguzi petroli vizuri, nalo linatetemeka likiwa limesimama na linakosa nguvu kupanda mlima, msikimbilie kununua plagi na koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) zote kwa mpigo. Kama kila plagi ina koili yake, zima injini, chomoa soketi ya koili moja, kisha washa usikilize. Mtetemo ukizidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usipoona tofauti yoyote, umempata mgonjwa. Usiliache liungurume muda mrefu hivyo, maana petroli isiyoungua inaharibu katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, na bei yake unaijua.

Sasa zima tena, badilishana koili ya silinda hiyo na ya silinda ya jirani, kisha pima tena. Tatizo likihama nayo, nunua koili moja tu. Likibaki palepale, fanya hivyohivyo na plagi, injini ikiwa imepoa. Bado halijahama? Hapo ndipo fundi apime mgandamizo wa silinda na nozeli inayopulizia petroli.

Kwa sisi wa Shangani na Mikindani, kabla ya yote hayo fungua boneti uangalie soketi na waya wa ethi unaoingia kwenye bodi. Hewa ya chumvi inaleta kutu ya kijani, na hiyo inasugulika kwa msasa bila kununua kitu. Angalia pia mipira ya hewa iliyopasuka. Ukisikia mluzi karibu na manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, anzia hapo.